Umeacha sigara halafu ndio unaanza kukohoa? Soma kwanza kabla hujarudi kwa Mangi

Tabibu_Kifua (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni tabibu, nipo kliniki ya kifua kwenye hospitali moja ya mkoa ambayo haina haja ya kutajwa. Kuna maneno nayasikia mara nyingi mno, nimeona niyafungulie uzi: "Dokta, mimi nilipoacha sigara ndio nikaanza kuumwa." Mtu kavuta miaka na miaka, hana shida zaidi ya kile kikohozi cha asubuhi anachokiita cha kawaida. Kaacha. Wiki ya pili kifua kinakoroma, makohozi yanatoka meusimeusi, usingizi hakuna, choo kigumu, mdomoni vidonda, nyumbani kagombana na kila mtu. Kijiweni wanamwambia mwili ulishazoea, ukiukatia ghafla unadhurika, si unamkumbuka mzee fulani, alikuwa mzima kabisa, kaacha fegi na mwaka haukuisha tukamzika. Jioni jamaa yuko dirishani kwa Mangi mwenye duka: "Nipe mbili."

Nianze na huyo mzee, maana ndiye anayewarudisha wengi. Watu wazima wengi huacha sigara pale mwili unapokuwa umeshawakatalia: pumzi imekata, kifua kinabana, damu imeonekana kwenye makohozi. Ugonjwa ulitangulia, kuacha kukafuata, na kifo kikaja kwa ugonjwa uleule. Kijiwe kiliona mawili ya mwisho tu.

Sasa twende mwilini. Kitu cha kwanza kupona ni damu. Moshi wa sigara una kabonimonoksaidi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Inaing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mvutaji mzito anaweza kutembea na hata asilimia 10 ya himoglobini yake ikiwa imekaliwa, ipo ipo tu, haibebi oksijeni. Uzuri ni kwamba nusu ya hewa hiyo hutoka kila baada ya saa 4 mpaka 6 kwa kupumua kawaida. Ukizima ya mwisho leo usiku, kesho jioni damu yako iko karibu sawa na ya mtu asiyevuta. Mapigo ya moyo na presha huanza kushuka ndani ya dakika 20. Tatizo ni kwamba hayo huyasikii. Sijawahi kumpata mgonjwa akaniambia "dokta, leo himoglobini yangu imetulia".

Unachokisikia ni arosto, yaani mwili kudai nikotini uliyoizoea. Nikotini hutoka haraka, nusu yake kila baada ya saa 2 hivi, ndiyo maana fegi ya asubuhi ni tamu kuliko zote za siku nzima: umelala usiku kucha bila. Kliniki swali langu la kwanza huwa si "unavuta ngapi kwa siku", huwa ni "ukiamka, ya kwanza unaiwasha baada ya dakika ngapi?" Anayewasha ndani ya dakika 5, mguu mmoja bado uko kitandani, huyo najua arosto itampiga hata kama kwa siku havuti nyingi. Ubongo wa mvutaji huongeza vipokezi vya nikotini, ukiikata vinabaki vimefungua mdomo vinadai. Madai huwa makali siku ya pili na ya tatu, hulegea ndani ya wiki 2 hadi 4, na picha za ubongo zimeonyesha kwamba vipokezi hurudi kiwango cha asiyevuta kati ya wiki ya 6 na ya 12. Hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoeleweka, kutotulia, vyote vinatoka hapo. Choo kigumu nacho, kwa sababu nikotini ilikuwa inausukuma utumbo na sasa utumbo unajifunza kujisukuma wenyewe. Vidonda vya mdomoni huwapata baadhi wiki 2 za mwanzo, kisha hupona. Ufizi unaweza kuanza kutoa damu ukipiga mswaki. Sigara ilikuwa inaficha ugonjwa wa fizi kwa kubana mishipa, damu imerudi na ugonjwa umejitokeza. Nenda kwa daktari wa meno.

Na kikohozi? Njia za hewa zimetandikwa vijinywele vidogo mno ambavyo muda wote vinapiga kuelekea juu, vinapandisha ute wenye vumbi na vijidudu mpaka kooni, uteme au umeze bila kujua. Moshi huvifupisha na kuvilemaza, ute unalala palepale. Unapoacha vinaanza kupiga tena, na mzigo wa zamani unaanza kupanda. Si kila mtu anakohoa zaidi, lakini anayekohoa mara nyingi hiyo ndiyo sababu. Kwa wengi kukohoa na kupumua kwa shida hupungua kati ya mwezi wa 1 na wa 9. Kwa hiyo mtu anayerudi kwa Mangi wiki ya pili kwa sababu "kifua kimechafuka" anarudi wakati usafi umeanza. Akivuta, kikohozi kinatulia kweli, vijinywele vimelemazwa upya.

Moyo ni wa pili kwa kasi na ndio unaonishangaza zaidi. Mwaka 1 baada ya kuacha, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo imeshuka kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya madhara ya sigara kwenye moyo ni ya siku hadi siku: damu nzito inayogandagandana, mishipa iliyobana, oksijeni pungufu. Chanzo kikiondoka, mengi hulegea. Ikifika miaka 15 hatari iko karibu na ya mtu ambaye hakuvuta. Hatari ya kiharusi huchukua kati ya miaka 5 na 15 kufika hapo.

Mapafu, hapa nitawaudhi wauza dawa za "kusafisha mapafu". Kuna sehemu inayopona na isiyopona. Uvimbe wa njia za hewa hupungua, ute hupungua, maambukizi ya mara kwa mara hupungua. Lakini vile vifuko vya hewa vilivyoshachanika havirudi. Hakuna chai, hakuna vidonge, hakuna tangawizi ya kuvishona. Ila kuna jambo kubwa ambalo wengi hawaelezwi. Kila mtu mzima hupoteza uwezo wa mapafu kidogo kila mwaka, hata asiyevuta. Kuna utafiti ulifanyika Marekani na Kanada, wavutaji karibu 5,900 ambao njia zao za hewa zilikuwa zimeanza kuziba, wakafuatiliwa miaka 11. Wanaume walioendelea kuvuta walipoteza wastani wa mililita 66 kwa mwaka. Walioacha walipoteza 30, yaani kasi ya kawaida ya uzee. Piga hesabu ya miaka 10: tofauti ni mililita 360, kama chupa nzima ya soda. Kwa mtu ambaye pumzi zake zimebaki chache, chupa hiyo ndiyo tofauti ya kwenda sokoni kwa miguu na kukaa mlangoni akisubiri kuletewa. Kwa hiyo mtu akiniambia "mapafu yangu yameshakufa, niache ya nini", yeye ndiye mwenye haja zaidi ya kuacha. Mwenye akiba kubwa ana muda wa kuchezea.

Saratani ya mapafu inakwenda taratibu kuliko vyote. Baada ya miaka 10 hatari ya kufa nayo ni kama nusu ya anayeendelea kuvuta, wala haifiki sifuri. Lakini mwaka 2020 jarida la Nature lilitoa kazi ya watafiti wa Uingereza waliochukua chembehai za njia za hewa za watu 16 na kusoma vinasaba vyake moja moja. Kwa walioacha sigara, mpaka asilimia 40 ya chembehai zilikuwa zinafanana na za mtu ambaye hajawahi kuvuta, karibu mara 4 ya zile za wanaoendelea. Inaonekana kulikuwa na chembehai zilizosalimika, na sigara ilipoondoka zikazaliana na kuchukua nafasi.

Na kwa mwenye kusema umri umeshapita: Richard Doll na wenzake walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza zaidi ya 34,000, madaktari wenyewe jamani, wakatoa hesabu ya miaka 50 mwaka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa wastani wa miaka 10 mapema. Aliyeacha na miaka 60 alirudisha kama miaka 3, aliyeacha na 50 alirudisha 6, na 40 alirudisha 9, na 30 karibu yote 10.

Karibuni kwa maswali. Matusi peleka jukwaa la siasa.

Kipisi_cha_Mwisho

Mkuu nimesoma uzi wote fegi iko mkononi. Nimeimaliza, lakini haikunoga.

Mzee_wa_Busara

Mleta mada unatisha watu. Babu yangu mzaa baba kavuta toka ujana, kafa na miaka 90 na ushee, tena kafa kwa kuanguka mnazini.

Tabibu_Kifua

Mkuu Mungu amrehemu babu, na hongera yake, kupanda mnazi na umri huo si mchezo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua mpaka nusu ya wanaoitumia bila kuacha. Maana yake ni kwamba kuna nusu nyingine, na babu alikuwa huko. Wale wa nusu ya kwanza hawapo kijiweni kutusimulia.

Mwana_Urambo

Dokta umegusa kwetu. Sisi Tabora tumbaku ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba. Swali langu ni tofauti kidogo. Mimi sivuti kabisa, ila msimu wa kuchuma, hasa mvua ikiwa imenyesha asubuhi, jioni kichwa kinazunguka, natapika, moyo unaenda mbio. Wazee wanasema ni "tumbaku imekupanda". Ni kweli kitu hicho kipo?

Tabibu_Kifua

Kipo, na wazee wako sahihi kabisa. Nikotini inayeyuka kwenye maji na inapenya ngozi. Majani yakiwa na umande au mvua, ukiyakumbatia kifuani na kuyabeba kwapani siku nzima shati limelowa, unapata kipimo cha nikotini ambacho mvutaji amezoea ila wewe hujazoea. Subiri jani likauke ndipo uchume, vaa mikono mirefu na glavu, ukilowa badilisha nguo, ukitoka shambani oga kwa sabuni. Watoto wasiingie kabisa, miili yao midogo. Kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe ndani ya siku moja au mbili, ukitapika mfululizo wahi zahanati. Na lile bani la kukaushia, moshi wa kuni humo ndani nao unahesabika mapafuni, usikae ndani zaidi ya kazi inavyodai.

Baraza_la_Kahawa

Assalaam aleykum. Daktari, mimi niko Tanga. Kila Ramadhani sivuti kuanzia daku mpaka magharibi, na wallahi mchana naweza. Tatizo likiadhiniwa tu. Tende moja, maji, halafu mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Je, mwili unapata faida yoyote au ni bure?

Tabibu_Kifua

Waaleykum salaam sheikh wangu. Swali zuri kuliko yote humu.

Faida ya mchana ipo. Ukihesabu saa 13 hivi za funga, kabonimonoksaidi imeshapungua kwa robo tatu au zaidi. Ukiadhiniwa, damu yako ni safi kuliko ilivyokuwa siku yoyote ya Shaabani. Sigara ya kwanza inaichafua upya, ndiyo maana wengine wakiivuta tumbo halina kitu husikia kizunguzungu na mapigo ya moyo kuruka. Kwa moyo wenye matatizo, hicho si kipindi cha kufanyia mchezo.

Lakini funga imekupa jibu ambalo wagonjwa wangu wengi hawana. Unayashinda masaa ambayo mwingine anaapa hawezi kuyapita, kwa sababu mchana nia imeshafungwa na hakuna mjadala. Kinachokushinda ni ile saa moja baada ya futari, na hapo ni mazoea zaidi ya nikotini. Basi ipange hiyo saa tu. Usifuturu baraza ileile na wavutaji walewale wiki ya kwanza, ondoka na mswaki mfukoni, nenda tarawehe mapema. Hamu kali hudumu dakika chache, mara nyingi haizidi 10, ikipita imepita mpaka itakaporudi. Ukifika mfungo mosi hujavuta usiku wala mchana, zile wiki mbaya za arosto zote zimebaki nyuma ya Idi.

Na kwa kuwa jina lako ni la kahawa, soma jibu langu kwa dada anayefuata.

Mama_wa_Wawili

Dokta, mume wangu kaacha mwezi uliopita, namshukuru Mungu. Ila sasa hivi ndani hapakaliki. Mkali, usiku anageukageuka mpaka nami silali, mikono inamtetemeka, anasema moyo unadunda. Kahawa anakunywa kama kawaida yake, vikombe vinne, vitano. Anakula kama ana mimba na kitambi kimeanza. Nimeanza kumwambia bora tu arudi kuvuta. Nifanyeje?

Tabibu_Kifua

Usimrudishe dada, angalia kahawa kwanza.

Moshi wa sigara una kemikali zinazolifanya ini livunje kafeini haraka sana. Kemikali hizo si nikotini, ni zile za moshi wenyewe. Mvutaji anakunywa vikombe vitano, ini linavimaliza mbio. Akiacha, ndani ya siku chache ini linarudi mwendo wa kawaida, na vikombe vilevile vitano vinaweza kufanya kafeini kwenye damu iwe mara mbili. Halafu dalili za kafeini nyingi ni zipi? Kutetemeka, moyo kudunda, kukosa usingizi, hasira. Anadhani ni arosto, mke anadhani ni shetani, kumbe ni birika. Mwambie apunguze nusu, na ya jioni aiache kabisa. Mpe wiki moja. Moyo ukiendelea kudunda hata baada ya hapo, au kifua kikimbana, aje apimwe.

Jambo hilohilo la ini linahusu dawa, na hili naomba lisomwe na kila mtu. Mwenye pumu anayemeza aminofilini, na mgonjwa wa akili anayetumia olanzapini au klozapini: ukiacha sigara dawa hukaa mwilini zaidi, kipimo cha zamani kinaweza kuwa kikubwa mno. Usiache dawa, ila mwambie daktari kwamba umeacha sigara ili aangalie upya. Wengi hawasemi kwa sababu hakuna anayewauliza.

Uzito ni kweli, wastani ni kilo 4 hadi 5 kwa mwaka wa kwanza. Njaa imerudi, ladha imerudi, na mkono umezoea kupeleka kitu mdomoni. Mwekee karanga za kupima, muwa, karoti, badala ya maandazi. Hizo kilo moyo wake unazibeba vizuri kuliko ulivyobeba moshi.

Mama_wa_Wawili

Kweli dokta, birika lenyewe lipo pembeni yake hapa ninapoandika. Nalificha leo.

Chuma_na_Moto

Mkuu mimi ni fundi wa kuchomelea, navuta pia. Siku zote nakunywa maziwa nusu lita jioni kusafisha kifua, na hata bosi anatupa hela ya maziwa. Umesema hakuna kinachosafisha, ina maana nimeliwa?

Tabibu_Kifua

Maziwa ni chakula kizuri, endelea kula. Ila yanashuka kwenye umio kwenda tumboni, moshi unashuka kwenye koo la hewa kwenda mapafuni, barabara mbili tofauti kabisa, hazikutani huko chini. Ningekuwa bosi wako hiyo hela ningenunulia barakoa za maana na kufungua dirisha la karakana. Na wewe una moshi wa aina mbili. Ukiacha sigara ukabaki na wa kuchomelea bila kinga, mapafu yatapata nafuu nusunusu. Vilevile kwa akina mama wa jiko la kuni lisilo na bomba la kutolea moshi.

Napunguza_Tu

Mimi nimetoka pakiti nzima mpaka sigara tatu kwa siku. Si nimeshafika?

Tabibu_Kifua

Umefanya kazi na nakupa heko, kwa mapafu umepunguza mzigo kweli. Kwa moyo bado. Mwaka 2018 tafiti nyingi zilikusanywa pamoja, ikaonekana anayevuta moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo ya anayevuta 20, kwa wanaume; kwa wanawake karibu theluthi. Watu wanategemea iwe sehemu moja ya 20. Mishipa ya damu haihesabu hivyo, ikionjeshwa moshi kidogo inabana. Huku kwetu wengi tunanunua moja moja na tunajiona si wavutaji, ndio hasa ninaowasema. Chagua tarehe, hizo tatu ziende zote.

Rafiki_Yake

Dokta kuna rafiki yangu anauliza, je, ile heshima ya ndoa inarudi?

Kipisi_cha_Mwisho

Hahaha rafiki yako msalimie sana.

Tabibu_Kifua

Mwambie rafiki yako kwamba kule nako ni mishipa ya damu, tena midogo kuliko ya moyo, kwa hiyo huziba mapema. Baadhi ya wanaoacha hupata nafuu ndani ya mwaka, hasa wenye umri mdogo na wasio na kisukari wala presha. Asiyepata nafuu apime sukari na presha badala ya kununua vumbi la kongo barabarani. Na mwanamume anayeanza kupata shida hiyo akiwa bado kijana avutaye, aichukulie kama moyo umetuma ujumbe mapema.

Pwani_Kenya

Daktari, salamu kutoka Mombasa. Huku vijana wameacha sigara wanaweka vile vipakiti vya nikotini chini ya mdomo, wengine wanavuta sigara za umeme, wengine ni shisha kwa kificho ijapokuwa ilipigwa marufuku mwaka 2017. Wanasema mapafu yao yanapona. Wasema kweli?

Tabibu_Kifua

Shisha waambie wasijidanganye, ni makaa na tumbaku, kabonimonoksaidi yake ni nyingi mno kwa kikao kimoja. Maji hayachuji kitu cha maana.

Vipakiti havina moshi, kwa hiyo mapafu kweli yanapumzika. Ila nikotini ileile inaendelea, vipokezi vya ubongo haviendi likizo, mapigo ya moyo na presha vinapandishwa kila kinapowekwa kipya. Kijana ambaye hakuvuta kabla amejiingiza kwenye arosto bure. Za umeme siwezi kumwambia mtu kwamba ni salama kwa mapafu, kemikali zinazovukizwa zinaudhi njia za hewa.

Anayetaka msaada wa nikotini ili aache, zipo bigijii na bandiko la ngozini za kitabibu, kipimo kinajulikana na kinashushwa wiki hadi wiki mpaka mwisho. Ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Najua si kila famasi wanazo na bei inauma. Uliza famasi kubwa za mjini, na uliza hospitali. Anayeacha kwa nguvu zake tu, bila dawa wala ushauri, kati ya watu 100 ni 3 hadi 5 wanaofika mwaka. Nasema hivyo kwa sababu watu wanajiona dhaifu wakirudi, wakati walichokosa ni msaada. Ukirudi, panga tena.

Ngiri_Inasubiri

Nimepangiwa operesheni ya ngiri mwezi ujao, navuta. Naacha siku ngapi kabla?

Tabibu_Kifua

Leo. Wiki 4 kabla ya kisu zinapunguza matatizo ya kidonda na ya kifua baada ya usingizi, na kila wiki ya ziada inasaidia zaidi. Tena kwa ngiri, kukohoa kunavuta mshono. Mwambie daktari wa usingizi ukweli.

Dereva_Usiku

Mkuu mimi niliacha kitambo kidogo, ni zaidi ya mwezi. Kikohozi kilipungua, sasa kimerudi karibu wiki tatu. Nilipoona uzi huu nikafurahi nikajua ni vile vijinywele. Ila usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa na suruali zinanipwaya. Nivumilie mpaka mwezi wa tisa?

Tabibu_Kifua

Hapana ndugu yangu, wewe usivumilie hata kidogo. Kikohozi cha vijinywele kinaanza mapema na kinaelekea kupungua. Chako kilipungua kikarudi, kina wiki zaidi ya mbili, kuna jasho la usiku, kuna kukonda wakati wenzako walioacha wananenepa. Hiyo ni ya kupima kifua kikuu kabla ya kufikiria kingine chochote. Aliyevuta yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya TB, na kuacha hakuifuti mara moja.

Kesho ukimaliza zamu usilale kwanza. Nenda kituo cha afya cha serikali chochote, waambie una kikohozi cha wiki tatu na jasho la usiku, watakupa kikopo. Sukutua mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka chini kabisa kifuani, wanataka makohozi, mate hayasaidii. Fanyia nje penye hewa, mbali na watu. Kipimo ni bure na dawa ni bure. Mpaka majibu yatoke, ukiwa na abiria teremsha vioo na ufunike mdomo ukikohoa. Wakikukuta huna TB wakupige picha ya kifua, na useme kwamba ulikuwa mvutaji.

Dereva_Usiku

Sawa dokta. Nashuka zamu saa kumi na mbili asubuhi, naunganisha hukohuko.

Tabibu_Kifua

Nenda kabla hujanywa chai. Na ukipata majibu niandikie faragha, usiweke hapa.